Rangi Inayozidi Asilimia Mia: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Vitu vya Fluoresensi

Barua zilizochaguliwa kwa toleo hili zimetoka kiwandani, chuoni, kwa fundi cherehani, baharini na barabarani. Waandishi wake hawajuani, lakini wote wamekutana na jambo moja, yaani rangi isiyokubali kupimwa kwa njia iliyozoeleka. Nimeanza na barua ya kiwandani kwa sababu jibu lake ndilo msingi wa yanayofuata, na barua ya chuoni nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa mwandishi wake anataka kuifanya kazi yenyewe kwa mikono yake.

Swali: Ninasimamia ukaguzi wa ubora katika kiwanda kinachoshona vizibao vya usalama vya mafundi wa barabara na madereva wa bodaboda. Kipimarangi chetu kilipowekwa juu ya kitambaa cha njano inayowaka kilionyesha uakisi wa asilimia 112 kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 520. Fundi wetu anasema mashine imeharibika, kwa kuwa hakuna kitambaa kinachoweza kurudisha mwanga mwingi kuliko ule kilioupokea. Je, tuirudishe kwa muuzaji?
*Mkaguzi wa ubora, Dar es Salaam*

Jibu: Msiirudishe. Fundi wenu anasema kweli kuhusu mwanga wote kwa jumla, lakini mashine haikupima mwanga wote kwa jumla. Ilipima kipande kimoja kimoja cha spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi yake, na kukigawa kwa kipande kilekile cha mwanga wa taa yake, na hapo ndipo namba inapoweza kupita mia bila sheria yoyote ya fizikia kuvunjwa.

Kitambaa cha kawaida, tuseme khanga nyekundu, hupokea mwanga wa kila urefu wa wimbi, hufyonza sehemu yake na kuurudisha uliobaki ukiwa na urefu uleule. Mwanga wa nanomita 520 ukiingia, utakaotoka kwa sababu yake ni wa nanomita 520, na hauwezi kuwa mwingi kuliko ulioingia. Kitambaa cha fluoresensi kina njia ya pili. Molekuli za rangi yake hufyonza mwanga wa buluu, kwa mfano wa nanomita 450, hukaa na nishati hiyo kwa nanosekunde chache tu, kisha huitoa ikiwa mwanga wa urefu mkubwa zaidi, kama huo wa 520, na tofauti ya nishati huishia kuwa joto. Kwa hiyo kwenye 520 mashine yenu ilihesabu mafungu mawili ya mwanga kwa pamoja: lililoakisiwa na lililozaliwa ndani ya kitambaa kutokana na buluu. Ilipogawa jumla hiyo kwa mwanga wa 520 uliotoka kwenye taa peke yake, ikapata 112. Mkitazama upande wa buluu wa mchoro uleule, mtaona uakisi umeshuka sana, na huko ndiko ziada ilikotoka.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini na George Gabriel Stokes wa Cambridge katika maandishi yake ya mwaka 1852. Aliupitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, kisha akalisogeza bomba la kioo lenye maji ya kwinini kutoka upande wa nyekundu kuelekea urujuani. Katika rangi nyingi halikutokea jambo, lakini alipofika mwisho wa urujuani, na hata alipoupita hadi mahali ambapo jicho halioni mwanga wowote, maji yakawaka buluu. Jina fluoresensi alilitoa kwenye fluospa, madini yenye tabia hiyohiyo. Kwinini yenyewe ni ile dawa ya malaria iliyotolewa kwenye magome ya msinkona, mti uliolimwa pia Amani, katika milima ya Usambara, enzi za utawala wa Wajerumani. Msomaji anayetaka kuona alichokiona Stokes anaweza kuweka juani glasi ya maji ya toniki, ambayo yana kwinini kidogo, na nyuma yake akatundika kitambaa cheusi.

Linalowahusu ninyi zaidi ni kwamba namba yenu ya 112 si mali ya kitambaa peke yake. Tuseme kitambaa kinaakisi asilimia 60 ya mwanga wa 520, na kwamba kila kipande cha nanomita 10 kuanzia 400 hadi 490 kinachangia asilimia tano, yaani 0.05 ya nguvu yake, kwenye kipande cha 520. Nikitumia jedwali la mwanga wa mchana unaoitwa D65, uliowekwa na Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, CIE, vipande hivyo kumi vya buluu kwa pamoja vina nguvu karibu mara 9.9 ya kipande cha 520, kwa hiyo mchango wao ni 0.49 na jumla ni 1.09. Nikibadilisha taa na kutumia mwanga A wa tume hiyohiyo, ambao ni wa balbu ya tungsteni, vipande vya buluu vina nguvu mara 4.5 tu ya kile cha 520, mchango unashuka hadi 0.22 na jumla inakuwa 0.82. Kitambaa ni kilekile na mashine ni ileile, lakini asilimia 109 imekuwa 82 kwa kubadilisha taa tu.

Kwa sababu hiyo, kiwango cha vizibao cha EN ISO 20471, kinachodai kigezo cha mng'aro (mwangaza wa kitambaa ukilinganishwa na wa mwakisi mweupe kamili) kisichopungua 0.70 kwa njano ya fluoresensi, 0.40 kwa chungwa-nyekundu na 0.25 kwa nyekundu, hakina maana bila mwanga wa D65 kutajwa, pamoja na pembe ya kupimia, ambapo taa humulika kwa digrii 45 na kipokezi hutazama wima. Mwulizeni muuzaji wenu mambo mawili kabla ya kuamini namba yoyote. La kwanza ni kama taa ya mashine inafanana na D65 hadi kwenye urujuanimno, yaani mwanga usioonekana ulio nje ya urujuani, maana taa nyingi hufanana nayo kwenye mwanga unaoonekana tu. La pili ni kama kitambaa humulikwa kwa mwanga wote kwa mara moja, na mtawanyo wa spektra hufanyika baada ya mwanga kuondoka kwenye kitambaa wala si kabla ya kukifikia. Mashine inayotumia tufe jeupe kusambaza mwanga muiepuke kwa vitambaa hivi, kwa sababu mwanga uliozaliwa kwenye kitambaa hugonga kuta za tufe na kurudi kukimulika tena, hivyo taa inakuwa imebadilishwa na kile kinachopimwa.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Maabara yetu ina kamera ya spektra yenye bendi 31, kutoka nanomita 400 hadi 700 kwa hatua ya 10. Ninataka kupima rangi za vifungashio vilivyochapwa kwa wino wa fluoresensi, nukta kwa nukta. Msimamizi wangu anasema kamera inatosha, kwa kuwa inatoa spektra kamili katika kila pikseli. Je, ni kweli?
*Mwanafunzi, Morogoro*

Jibu: Kwa heshima kwa msimamizi wako, hiyo ni nusu ya ukweli. Kamera inakwambia ni mwanga gani unaondoka kwenye kila nukta ya kifungashio. Haikwambii mwanga huo uliingia ukiwa wa urefu gani. Kwa kitu cha kawaida swali hilo halina uzito, kwa sababu jibu lake linajulikana tangu mwanzo, lakini kwa wino wako ndilo swali lenyewe. Ukiwasha taa moja nyeupe na kupiga picha zako 31, utapata rangi sahihi ya kifungashio chini ya taa hiyo tu. Ukitaka kujua kitakavyoonekana juani au kwenye rafu ya duka lenye taa za LED, spektra ulizonazo haziwezi kukupa jibu, na ukizizidisha kwa spektra ya taa nyingine kama tunavyofanya kwa vitu vya kawaida, utapata rangi isiyokuwepo mahali popote.

Kinachotakiwa ni jedwali. Mwaka 1954 mtafiti Mwingereza R. Donaldson alieleza njia ya kutumia monokromata mbili, moja kati ya taa na kitu, nyingine kati ya kitu na kipokezi. Ya kwanza inachagua urefu wa wimbi unaoingia, ya pili inachagua unaotoka, na kila jozi inatoa namba moja. Namba hizo zikipangwa, nguzo zikiwa mwanga unaoingia na safu zikiwa unaotoka, ndipo tunapata kile kinachoitwa matriksi ya Donaldson. Kwenye ulalo wake, mahali ambapo urefu unaoingia na unaotoka ni mmoja, kuna uakisi wa kawaida. Chini ya ulalo kuna fluoresensi. Juu ya ulalo ni sifuri tupu au karibu yake, kwa sababu ile aliyoigundua Stokes: mwanga unaotolewa una urefu mkubwa kuliko uliofyonzwa. Matriksi hiyo haitegemei taa yoyote. Chukua spektra ya taa unayoitaka, izidishe kwa matriksi, kisha pitisha matokeo kwenye kanuni za rangi za CIE za mwaka 1931, na utakuwa na X, Y na Z, yaani namba tatu zinazoieleza rangi, za nukta ile chini ya taa ile, hata kama taa yenyewe hujawahi kuiwasha maabarani.

Kamera yako tayari ni ile monokromata ya pili, tena iliyozidishwa mara mamilioni, kwa kuwa kila pikseli inapima peke yake. Unachokosa ni ya kwanza, yaani taa inayoweza kutoa kipande kimoja chembamba cha spektra kwa wakati mmoja. Ukiipata na kupima kila jozi, utapiga picha 31 kwa kila moja ya taa 31, yaani picha 961. Kwa sekunde 2 kila picha ni dakika 32, na kwa pikseli milioni moja zenye baiti 2 kila moja ni karibu gigabaiti 2. Si mzigo usiobebeka. Ukiridhika kwamba sehemu ya juu ya ulalo ni tupu, unaweza kupiga picha 496 tu, ingawa mimi ningekushauri upige baadhi ya zile za juu pia, kwa sababu mwanga ukijitokeza mahali pasipostahili kuwa na mwanga, ni ishara kwamba kichujio chako kinavuja.

Ipo njia fupi, na ni halali ukijua mipaka yake. Molekuli ya rangi ikishapata nishati, husahau iliipata kutoka wapi: umbo la spektra inayotoa halibadiliki, iwe imeamshwa kwa 420 au kwa 470, na kinachobadilika ni kiasi tu. Kwa hiyo sehemu yote ya fluoresensi katika matriksi inaweza kuandikwa kama zao la orodha mbili, moja ya jinsi rangi inavyoamka kwa kila urefu wa wimbi, nyingine ya jinsi inavyotoa. Ukiongeza orodha ya uakisi, badala ya namba 961 zisizojulikana unatafuta 93. Watafiti wengi wa miaka ya karibuni wamejenga juu ya msingi huu, wakiwemo Shoji Tominaga na wenzake nchini Japani, na pia Antony Lam na Imari Sato, ambao mwaka 2013 walionyesha jinsi ya kupata sehemu hizo kwa mandhari nzima na kuimulika upya kwa taa nyingine ndani ya kompyuta. Katika mwaka huohuo Ying Fu na wenzake walitumia taa ambayo spektra yake ina mawimbi ya kupanda na kushuka kwa karibukaribu. Uakisi huyafuata mawimbi hayo, lakini fluoresensi, kwa kuwa husahau asili yake, hutoka laini, na hivyo viwili hivyo vinatenganishwa.

Kwa vifaa vyako ningefanya hivi. Washa LED nyembamba ya 450 gizani na utazame bendi za kamera kuanzia 500 kwenda juu: chochote unachokiona huko hakikutoka kwenye taa, kwa hiyo ni fluoresensi tupu, na umbo lake ndilo orodha ya kutoa. Kisha ishike bendi moja ya kamera, tuseme 540, na ubadilishe taa kutoka fupi kwenda ndefu hadi 510, ukigawa kila jibu kwa nguvu ya taa husika, upate orodha ya kuamka. Mwisho, tumia mwanga uliochujwa ili buluu yote inayoiamsha rangi iondolewe, nawe utapata uakisi wa upande mrefu bila mchanganyiko. Upande mfupi uliobaki utaupata kwa kutoa hesabu ya fluoresensi ambayo sasa unaijua.

Mipaka ndiyo hii. Wino wa chungwa na wa waridi unaowaka mara nyingi ni mchanganyiko wa rangi mbili au zaidi, ambapo moja hufyonza buluu na kumpa jirani yake nishati. Hapo kila rangi ina orodha zake mbili, na zao moja halitoshi. Itakubidi kurudi kwenye jedwali kamili, angalau kwa sampuli chache, ili uone kama njia fupi inakudanganya. Tabaka nene la wino nalo hufyonza sehemu ya mwanga wake lenyewe kabla haujatoka nje, hasa upande mfupi wa spektra inayotolewa, kwa hiyo usichukue orodha uliyoipata kwenye tabaka jembamba ukaitumia kwenye nene.

Jambo ninalokuomba ulizingatie kuliko yote ni urujuanimno. Kamera yako inaanzia 400, lakini hilo ni mpaka wa inachokiona, si mpaka wa kinachoiathiri. Karatasi ya vifungashio mara nyingi ina ving'arishi vinavyoamshwa na mwanga wa nanomita 340 hadi 380 na kutoa buluu inayoonekana. Juani mwanga huo upo. Ukiuacha nje ya jedwali, hesabu yako ya rangi ya mchana itakuwa na upungufu usioonekana kwenye data yako yote. Ongeza angalau LED ya 365, na vaeni miwani ya kinga inapowashwa.

Mengine ni adabu ya maabara, lakini yameharibu vipimo vingi. Kipimo cheupe cha kulinganishia kiwe cha PTFE (aina ya plastiki nyeupe) iliyoshindiliwa au bariamu salfeti safi, kamwe kisiwe karatasi ya ofisini, kwa kuwa karatasi hiyo yenyewe ina fluoresensi. Koti jeupe la maabara lililofuliwa kwa sabuni ya unga pia hutoa mwanga wa buluu likiangukiwa na urujuanimno, kwa hiyo vaa nguo nyeusi unapopiga picha. Piga picha ya giza kabla na baada. Gundi, vichujio na hata baadhi ya vioo vya lenzi vina fluoresensi kidogo, nawe utaibaini kwa kumulika sahani nyeusi isiyo na kitu na kuona kama kuna mwanga unaorudi kwenye bendi ndefu. Na kwa kuwa wino wa fluoresensi hufifia unapomulikwa, rudia picha ya kwanza baada ya ile ya mwisho: zikitofautiana, sampuli yako imeungua wakati wa kipimo, na lazima upunguze muda au nguvu ya taa.

Hapo utaelewa kwa nini usumbufu wote huu wa picha una faida ambayo kipimarangi cha kugusa hakina. Kifaa cha kugusa hutoa wastani wa duara moja. Ukingo wa herufi iliyochapwa, mahali wino umefifia kwa jua, doa ambapo karatasi yenye king'arishi inachungulia katikati ya nukta za wino, vyote huingia kwenye wastani huo na kupotea, ilhali katika picha kila kimoja kina jedwali lake.

Swali: Assalaam alaykum Mhariri. Ninashona kanzu. Nina jora mbili nyeupe ambazo dukani, chini ya taa za LED, naziona sawasawa. Nikizitoa nje, moja inawaka na nyingine inakuwa kama imetiwa chai kidogo. Mteja ameirudisha kanzu kwa sababu kola na mwili havikulingana. Je, kosa ni langu au ni la kitambaa? Na buluu ya kufulia inaweza kuokoa?
*Fundi cherehani, Mombasa*

Jibu: Wa alaykum salaam, fundi. Kosa si la mkono wako. Jora moja imetiwa king'arishi na nyingine haikutiwa, au imetiwa kidogo, nawe ulizichagua chini ya taa isiyoweza kuonyesha tofauti hiyo.

Pamba isiyotiwa kitu hufyonza kidogo mwanga wa urujuani na buluu, ndiyo maana huelekea manjano. Wazee wetu waliitibu kwa buluu ya kufulia, ambayo hufanya kazi kwa kupunguza: hufyonza njano iliyozidi hadi rangi zote zikawa karibu sawa, na jicho likasema nyeupe. Gharama yake ni kwamba kitambaa kinakuwa cheusi zaidi kwa kiasi kidogo, kwa sababu kila kilichoongezwa kimeondoa mwanga. King'arishi hufanya kinyume, maana huongeza. Mwaka 1929 Paul Krais alionyesha kwamba kitambaa kilichochovywa kwenye eskulini, kemikali itokayo kwenye mti wa ulaya unaozaa njugu chungu, huonekana cheupe zaidi, kwa kuwa eskulini huchukua urujuanimno usioonekana na kuutoa ukiwa buluu inayoonekana. Ving'arishi vya leo, vilivyomo viwandani na katika sabuni za unga, ni kemikali nyingine zenye kazi hiyohiyo. Ndiyo maana kanzu nyeupe juani inaweza kurudisha buluu zaidi ya asilimia mia, na kipimo cha weupe cha CIE, ambacho humpa mwakisi kamili 100, huweza kupita 140 kwa karatasi au kitambaa cha namna hii.

LED nyeupe za kawaida huanza na mwanga wa buluu wa takriban nanomita 450, na chini ya 400 hazina kitu. King'arishi kinakosa chakula, kinanyamaza, na jora zako zinafanana. Buluu ya kufulia haitaokoa kanzu ile, kwa sababu haiwezi kuongeza mwanga. Itaipa jora ya pili kivuli cha buluu tu, nayo itaendelea kuwa hafifu kando ya mwenzake. Kinachofaa ni kuzitazama jora mlangoni, nje kabisa, kabla ya kukata. Ukipata mtu mwenye kamera ya spektra, mwombe apige kitambaa mara mbili, mara ya kwanza kwa mwanga wenye urujuanimno na mara ya pili ukiwa umezuiwa kwa kichujio, kisha atoe picha ya pili kutoka ya kwanza. Kitakachobaki ni ramani ya king'arishi peke yake, na kwenye kanzu iliyokwisha kuvaliwa ramani hiyo huonyesha hata pale kilipopungua kwa jasho na kusuguliwa.

Swali: Ninapiga mbizi na kurekodi hali ya matumbawe. Baadhi yake yanaonekana mekundu hata kwenye kina cha mita 20. Kamera ya spektra inaweza kuipima rangi hiyo?
*Mzamiaji, Pemba*

Jibu: Inaweza, na umeona jambo la thamani kubwa. Maji ya bahari humeza nyekundu ya jua katika mita chache za juu, kwa hiyo katika mita 20 karibu hakuna nyekundu ya kuakisiwa. Tumbawe linalobaki jekundu huko linaitengeneza nyekundu hiyo lenyewe kutokana na buluu na kijani zinazofika. Protini zinazofanya kazi hiyo ni ndugu wa ile ya kijani ambayo Osamu Shimomura aliitenga mwaka 1962 kutoka kwa kiwavi-bahari aitwaye *Aequorea victoria*, kazi iliyomfanya kuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008. Kwa kupima, piga mbizi usiku, mulika kwa mwanga wa buluu tu, weka mbele ya lenzi kichujio cha njano kinachozuia buluu hiyo, na kila unachorekodi kitakuwa fluoresensi. Kumbuka tu kwamba maji yaliyo kati yako na tumbawe yatafyonza nyekundu pia wakati wa kurudi, kwa hiyo umbali wa kamera lazima uandikwe kwa kila picha na uingie kwenye hesabu. Klorofili ya mwani unaoishi ndani ya tumbawe nayo hutoa nyekundu yake karibu na nanomita 685. Usiichanganye na ya protini. Katika spektra kilele chake hujitenga vizuri, lakini kwa macho matupu hutatofautisha.

Swali: Kizibao changu cha chungwa mchana kinaonekana kutoka mbali, lakini usiku chini ya zile taa za barabarani za njano kinakuwa kama kitambaa chochote. Je, nimeuziwa bandia?
*Dereva wa bodaboda, Kisumu*

Jibu: Si lazima kiwe bandia. Taa za sodiamu za mgandamizo mdogo hutoa karibu mwanga wote kwenye nanomita 589, na zile za mgandamizo mkubwa zina buluu kidogo mno. Rangi ya kizibao chako inataka buluu na kijani ili iamke, na isipozipata hubaki kuakisi njano ileile ya taa kama nguo yoyote nyingine. Kipime upya juani: kiweke kando ya kitambaa cha chungwa cha kawaida, na ukiona kinakaribia kufanana nacho, basi rangi yake imefifia kwa jua na ni wakati wa kukibadilisha. Usiku usitegemee kitambaa cha chungwa hata kidogo. Kazi ya usiku ni ya zile tepe za fedha, ambazo hazina fluoresensi, bali huurudisha mwanga wa taa za gari kule kule ulikotoka. Zikaguliwe peke yake: mwombe mwenzako asimame mbali na tochi iliyoshikwa karibu na jicho, naye akwambie kama tepe zote bado zinawaka, pamoja na zile za mgongoni ambazo wewe mwenyewe huzioni.